Taya Lililogoma Langoni

Siku ile mjinga alikuwa Jilala mwenyewe, na hilo hakuwahi kulikana. Wengine walipojaribu kumtetea, kwamba askari alikuwa mkorofi, kwamba jua lilikuwa kali, kwamba kazi ya mgodini humlegeza mtu mpaka viungo, alitikisa kichwa. "Hapana," alikuwa akisema, "jua halikunituma nipanue mdomo. Nilijituma."

Ilikuwa mwaka wa hamsini na mbili, Ijumaa moja ya mwezi wa nane, kwenye mgodi mdogo wa almasi wa Mgiriki mmoja, upande wa Songwa. Usiutafute leo, umebaki mashimo na miiba. Lakini zamani zile ulikuwa na vibarua mia na ushei, uzio wa seng'enge na lango moja la kutokea. Saa tisa alasiri kipande cha reli kilipogongwa, watu walipanga mstari. Walivua mashati, wakakung'uta kofia, wakanyoosha vidole vya mikono na vya miguu, halafu wakafika mbele ya askari wa lango kwa kazi ya mwisho: fungua mdomo, inua ulimi, sema aaa. Almasi ni kitu kidogo. Mtu anaweza kuilaza kwenye fizi akatoka nayo huku akikuaga kwa heshima.

Bwana mwenyewe, yule Mgiriki, hakupanga mstari. Kila jioni gari lake lilipita na vioo vimepandishwa, askari akapiga saluti, lango likafungwa nyuma ya vumbi.

Askari wa zamu hiyo aliitwa Pantaleo, Mhaya wa Bukoba, mrefu, msafi, kaptula yake imepigwa pasi hadi ungedhani inaweza kusimama bila yeye. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Mwezi uliopita mwenzake alifukuzwa kazi kwa ajili ya jiwe lililoonekana mjini Shinyanga, ikadaiwa lilipita kwenye zamu yake. Tangu hapo Pantaleo aliangalia vinywa vya watu kama mtu aliyedondosha pete kisimani.

Jilala alilijua hilo. Ndiyo maana alimchokoza yeye, si askari mwingine. Kila alasiri, akifika zamu yake, alipanua mdomo kupita kiasi na kunyoosha mkono kama mwenye nyumba. "Karibu ndani, afande. Viatu acha mlangoni." Siku nyingine alijifanya anameza kitu kwa shida, akajipapasa tumbo, akasema, "Kimepita." Mstari mzima ulicheka. Pantaleo alikuwa akiuma meno na kumwambia apite.

Sasa Ijumaa ile, asubuhi, watu wakinywa uji nje ya uzio kwa Mwamvua, Jilala akajitia kimbelembele. Mwamvua alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, aliyefuata biashara mpaka Usukumani akabaki, na wengi walimwita Mama Mwanaima kwa jina la bintiye. Jilala alikuwa Msukuma wa Mhunze. Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za misafara ya pwani, kwa hiyo kati ya hao wawili hakuna neno lililokuwa kubwa mno.

"Leo," Jilala akatangaza, "nitamfungulia yule Mhaya mdomo mpaka auone uji wako ulipolala, Mama Mwanaima."

"Panua tu," Mwamvua akajibu bila kuinua macho kwenye chungu. "Siku ukikwama tutaugeuza banda la kuku."

"Nikikwama utanizika wewe."

"Nitakuzika nikiwa nimekaa. Kazi ya kukuzika haiwezi kunisimamisha."

Wakacheka, wakaingia kazini. Jilala na mwenzake wa shimo moja, mzee mmoja mtaratibu aitwaye Silvesta, walibeba kokoto na kuchekecha mpaka reli ikalia.

Langoni kulikuwa na watu arobaini mbele yake. Alisubiri kwa hamu, kama mcheza ngoma anayesubiri kuitwa uwanjani. Zamu yake ilipofika alikohoa, akapanga miguu, akasema kwa sauti ili mstari wote usikie, "Afande, leo nimebeba. Tafuta."

Kisha akapanua.

Alipanua mpaka masikio yakaziba. Akaongeza kidogo, kwa ajili ya waliokuwa nyuma. Ndipo kitu kikalia upande wa kulia, ko, ndani kabisa chini ya sikio. Na kabla hajakielewa, upande wa kushoto nako, ko.

Akataka kufunga mdomo. Mdomo haukufunga.

Watu walicheka sana. Kidevu kilikuwa kimesogea mbele kama droo iliyovutwa, mashavu yamenyooka, macho yamemtoka. Silvesta alimpiga begani akasema, "Basi, umeshinda, twende." Jilala akatoa sauti. Haikuwa neno. Ilikuwa kama ya ndama aliyefungiwa mbali na mama yake, na watu wakacheka zaidi, maana hakuwahi kufanya mchezo mzuri namna ile.

Mate yakamjaa kooni, akayameza kwa taabu, koo likapanda likashuka.

Pantaleo aliliona koo lile.

"Umemeza nini?" akauliza taratibu.

"Aaa."

"Nimekuuliza umemeza nini."

Jilala akanyoosha kidole kwenye taya, akatikisa kichwa, akapiga mikono mapajani. Kila alichofanya kilifanana na mchezo wake wa kila siku. Aliona uso wa Pantaleo ukibadilika, hasira ikiondoka na kitu kingine kikiingia, kitu cha mtu anayefikiria watoto wake na safari ya kurudi kwao bila kazi. Mstari nao ukaanza kunyamaza, mtu mmoja mmoja.

"Amesema mwenyewe amebeba," Pantaleo akawaambia. "Mmesikia wote. Na nimeona akimeza. Huyu anakwenda chumbani."

Chumba kilijulikana. Kilikuwa nyuma ya bohari, na dirisha dogo la nondo. Aliyeshukiwa kumeza jiwe alikaa humo siku tatu na chupa ya mafuta ya nyonyo na ndoo, na ndoo ilikaguliwa. Hakuna aliyetoka humo akiwa na jambo la kusimulia kwa furaha.

Silvesta ndiye aliyekwenda mbele. "Afande, tazama hapa." Akagusa mbele ya sikio la Jilala, penye shimo dogo lililobonyea ambapo jana hapakuwa na shimo. "Hili si mchezo. Taya limetoka."

"Litarudi huko huko chumbani."

"Mpeleke kwanza kwa dresa, pale dispensari. Ni hatua ishirini, na ni ndani ya uzio."

Pantaleo akafikiri, akamkamata Jilala mkono, akamwachia askari mwenzake lango.

Dispensari ilikuwa kibanda cha bati chenye kitanda kimoja, kabati na harufu ya dawa ya vidonda. Dresa aliitwa Bartholomeo, Msumbwa wa Ushirombo, aliyesomeshwa misheni na kumalizia masomo Burma, akibeba majeruhi wakati wa vita. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa kama anayakopesha. Alimkalisha Jilala kwenye kigoda, akamshika kidevu, akagusa mbele ya masikio yote mawili, akamchungulia mdomoni.

"Pande zote mbili," akasema. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Alikuwa anamkaribisha afande ndani," Silvesta akajibu kwa niaba.

Bartholomeo hakucheka. Alisogeza kigoda mpaka kisogo cha Jilala kikaegemea ukuta, akararua kitambaa safi vipande viwili, akaanza kuvifunga kwenye vidole gumba vyake, mzunguko juu ya mzunguko. Jilala akaona kwamba kidole gumba cha kushoto hakikuwa na ukucha. Mahali pa ukucha palikuwa na kovu jeupe linalong'aa.

"Burma nilimwona daktari wa jeshi akirudisha taya mara mbili," Bartholomeo akasema akiendelea kufunga. "Unabonyeza magego ya chini kwa nguvu, chini, halafu unasukuma nyuma. Mfupa unapanda kilima kidogo na kuangukia shimoni mwake. Mimi mwenyewe nimefanya mara moja."

"Ikafanikiwa?" Silvesta akauliza.

"Taya lilirudi. Likarudi na ukucha wangu."

Pantaleo akasimama mlangoni. "Subiri. Ukiingiza vidole, jiwe likatoka likaingia kwenye hivyo vitambaa, nitajuaje?"

Bartholomeo akamnyooshea mikono yote miwili kama kibarua mstarini. Pantaleo akaikagua mbele na nyuma. Akalazimika pia kukichungulia tena kile kinywa. Akakiona chote, mpaka kimio. Hakukuwa na jiwe. "Liko tumboni," akasema.

Vidole vikaingia. Jilala alisikia ladha ya kitambaa na dawa, kisha uzito ukashuka juu ya magego yake, na maumivu yakapanda kutoka masikioni hadi utosini. Hakukusudia kupinga. Shingo ilipinga yenyewe. Mashavu yakakaza kama kamba ya ng'ombe anayevutwa kutoka matopeni, mikono ikamkamata Bartholomeo viwiko, miguu ikapiga teke ndoo ya maji. Bartholomeo akaachia, akapumua, akajaribu tena. Mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Jilala akalia machozi mbele ya watu watatu, na kwa kuwa mdomo ulikuwa wazi hakuweza hata kuyazuia kwa kuuma meno.

Bartholomeo akakaa kitandani, jasho likimtiririka.

"Umeshindwa," Pantaleo akasema.

"Mashavu yake ndiyo yanayoshinda. Anakaza. Kila nikivuta naye anavuta."

"Mjomba wangu alitokwa taya kwa kupiga mwayo," Silvesta akasema. "Walimzaba kofi moja la kushtukiza, likarudi."

"Na wangapi walizabwa likavunjika? Taya la kutoka ni kazi ya dakika moja. Taya lililotoka na kuvunjika ni kazi ya miezi miwili, meno yamefungwa kwa waya, unanyonya uji kwenye pengo."

"Basi kuna mfumu, mganga wa kienyeji, kule kwetu Mhunze. Anakukandakanda kwa mtama wa moto, anakufunga kitambaa chini ya kidevu, ncha anaitundika kwenye boriti, anavuta polepole mpaka jioni."

"Joto halimdhuru, hata mimi ningemkanda. Lakini kuvuta kidevu juu kabla mfupa haujashuka ni kuvuta mlango kwa nguvu na komeo likiwa limekwama. Na Mhunze ni kesho." Bartholomeo akafuta uso. "Iko hospitali ya serikali Shinyanga. Wana dawa ya usingizi. Mtu akilala, mashavu yanalala naye, hata mtoto anaweza kulirudisha. Lori linaondoka saa kumi na moja."

Jilala aliinamisha kichwa mara kadhaa kwa nguvu, akikubali. Akainuka kabisa kwenye kigoda.

"Hatoki langoni," Pantaleo akasema.

"Afande."

"Hatoki na jiwe tumboni. Akishafika Shinyanga ni nani atakaa na ndoo, wewe? Akae siku tatu. Jumatatu lori linakwenda tena, mpande wote wawili."

Bartholomeo akainuka kitandani. "Nikwambie jambo moja. Mashavu yanazidi kukaza kila saa inayopita. Leo hii ni kazi ya kidole. Jumatatu Shinyanga nao wanaweza kushindwa, wampeleke Mwanza, na Mwanza itakuwa kazi ya kisu, kama atapatikana wa kukishika. Na wako wasiopata kisu. Wanaishi hivyo hivyo."

Jilala aliwajua wanaoishi hivyo hivyo. Mmoja alikuwa jirani yao Mhunze, mzee aliyeanguka kutoka juu ya ghala la mtama, taya likatoka, wakangoja, likakomaa nje. Alikula uji mwembamba miaka yote, kichwa akikiinua kama kuku anayekunywa. Hakuna aliyeelewa alichosema, kwa hiyo baada ya muda hakuna aliyemuuliza kitu. Barazani walimkalisha mwisho. Nzi walimjua. Watoto walimwita Lango, na wakipita mbele yake walijifanya wanabisha hodi.

Jina hilo alilitunga Jilala, akiwa na miaka minane. Alisifiwa sana kwa ajili yake.

Sasa alikaa kwenye kigoda cha dispensari akihesabu alichokuwa nacho duniani. Hakuwa na ng'ombe wa kutosha. Hakuwa hodari wa jembe, na kuimba hakujua. Mashimoni watu walimpenda kwa kitu kimoja tu, na kitu hicho kilikuwa kimening'inia mbele ya uso wake kinadondosha mate. Akageuka kumtazama Pantaleo. Akakusanya mikono kama anayesali. Hakuna mchezo uliokuwa umebaki ndani ya mikono ile, na Pantaleo akageuza macho.

"Kama ningejua ni kweli," Pantaleo akasema kwa sauti ya chini. "Lakini kila siku ananifanyia hivi. Kila siku. Leo nitaijuaje ya kweli?"

Nje lori likawashwa. Likapiga honi mara moja, mara mbili, kama linavyofanya likiita wa mwisho. Silvesta akatoka mpaka mlangoni akainua mkono kumzuia dereva, akamtazama Pantaleo. Pantaleo hakusogea. Lori likatia gia, likapita langoni, sauti yake ikafifia kwenye barabara ya Shinyanga.

"Haya," Silvesta akasema akirudi ndani, na kwa kuwa alikuwa na hasira alikanyaga maji ya ile ndoo, miguu ikaruka juu, akakaa chini kwa kishindo mbele ya Jilala, kofia ikimfunika macho. "Mayu wane," akasema humo humo kofiani, mama yangu.

Jilala hakutaka kucheka. Ilikuwa siku mbaya kuliko zote za maisha yake. Lakini kifua chake kilitikisika mara moja, bila ruhusa.

Bartholomeo alikuwa amerudi kumpima, na kiganja chake kilikuwa bado kwenye shavu la Jilala. Akakitazama kile kiganja kama kimemwambia kitu.

"Limelegea," akasema. "Punde hivi. Lilikaza, akacheka, likalegea." Akageuka kwa Silvesta. "Nani mtani wake hapa?"

"Mama Mwanaima. Mzaramo wa uji."

"Kimbia. Mwambie kuna msiba."

"Msiba gani? Mtu hajafa."

"Mwambie kuna msiba wa mtani wake, na maiti iko dispensari. Atajua la kufanya."

Silvesta alikuwa mzee, lakini alikimbia. Pantaleo akauliza msiba gani, na Bartholomeo, akifunga vitambaa vipya, akamweleza kwa ufupi kwamba huku mtani hazuiwi msibani, hata kwa chifu, hata kwa askari, na akizuiwa anaweza kulala mlangoni na mazishi yasifanyike. Pantaleo akasema kwao Bukoba msiba ni msiba. Kabla hajamaliza, kilio kikasikika langoni.

Yule askari wa pili alikuwa Mnyamwezi, na mila hiyo aliijua. Alifungua lango mwenyewe.

Mwamvua aliingia kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, mwiko wa uji mkononi, akilia kilio kirefu cha pwani kinachopanda na kushuka. Hakumsalimu mtu. Alikaa chini katikati ya kibanda, akanyoosha miguu, akamtazama Jilala juu hadi chini.

"Ooo Msukuma wangu," akaanza, "umekufa kama ulivyoishi, mdomo wazi. Ungetuachia hata nafasi ya kukuaga. Sasa hili kaburi tutalijazaje? Kila beleshi ya udongo inaingia humo. Tutafukia mpaka Jumapili na bado halijajaa."

Bartholomeo alikuwa ameshaingiza vidole. Hakubonyeza. Aliviacha tu vikae juu ya magego, kama mtu anayepumzisha mikono dirishani.

"Mwiteni seremala apime," Mwamvua akaendelea. "Mwili futi sita. Mdomo apime peke yake, ujengewe jeneza lake, na lango la nyuma. Na mali ya marehemu naigawa sasa hivi. Baiskeli yangu. Blanketi langu. Silvesta, wewe chukua sururu, maana ulikuwa ukilima yeye akisimulia."

"Ni kweli," Silvesta akasema, akihema.

"Mke hana, mnajua sababu? Alikwenda kuposa kule Ng'wadubi, akapiga mwayo barazani, mbuzi wa baba mkwe wakaingia wakidhani zizi."

Kifua cha Jilala kikatikisika. Bado shingo ilikuwa ngumu. Alihisi vile vidole vikisubiri, na kila alipovikumbuka mashavu yalijivuta kukaza tena. Bartholomeo akamtikisia Mwamvua kichwa kidogo: bado.

Mwamvua akasimama. Akazunguka kibanda akilia, akamfikia Pantaleo aliyekuwa amesimama wima mlangoni, mikono nyuma, akiangalia mbali kama mlinzi wa benki. "Na huyu ndiye aliyekuona mara ya mwisho," akasema kwa huzuni kubwa. Akanyoosha mkono, akamvua kofia ya kiaskari, taratibu, kwa adabu zote. Pantaleo alikuwa na upara ulioanzia mbele ukaishia nyuma. Mgodi mzima haukuwahi kuujua.

Mwamvua akamvika Jilala ile kofia, ikamfika nyusini. Akarudi nyuma hatua mbili, akabana miguu, akapiga saluti kwa mwiko wa uji.

"Afande Mdomo," akasema. "Inua ulimi. Sema aaa."

Jilala hakuweza kujizuia. Kilimtoka kicheko kutoka chini kabisa, kicheko bila umbo, kikamlegeza shingo, mabega, magoti, na kwa pumzi moja akasahau kwamba ana taya. Bartholomeo alilala juu ya mikono yake kwa uzito wote. Chini. Nyuma. Kitu kikapanda, kikasita juu ya kilima chake, na Jilala akasikia ndani ya kichwa mlio kama wa mlango mzito ukipata komeo lake.

Ko. Ko.

Mdomo ukafunga. Ukafunga kwa nguvu za alasiri nzima, na vidole vya dresa vikiwa bado ndani.

Bartholomeo hakupiga kelele. Alifumba macho tu, akasema neno moja la Kisumbwa ambalo misheni hawakumfundisha. Silvesta ndiye aliyembana Jilala pua mpaka akaachia. Vitambaa vilitoka na doa jekundu upande wa kulia. Kidole cha kushoto kilikuwa salama, maana hakikuwa na cha kupoteza.

Jilala akajigusa. Kidevu kilikuwa mahali pake. Akasogeza ulimi, akagusa meno ya juu, akagusa ya chini, akameza. Machozi yalikuwa bado yakitiririka, lakini sasa aliweza kuyafungia mdomo.

"Shikamoo, Dresa," akasema kwa meno yaliyobana.

"Marahaba. Sasa nyamaza." Bartholomeo alichukua bandeji pana, akaipitisha chini ya kidevu na juu ya utosi, mara nne, akaifunga fundo. "Wiki mbili. Uji kwa kijiko. Huongei, hucheki, hupigi mwayo. Mwayo ukija, weka ngumi chini ya kidevu uusukume urudi ulikotoka. Taya lililotoka mara moja linaijua njia."

"Wiki mbili bila kuongea," Mwamvua akasema. "Basi kweli nimemzika." Akajifunga kanga, akachukua mwiko wake. Baiskeli aliondoka nayo kweli, na ilichukua siku nne na kuku mmoja kuikomboa.

Pantaleo alikuwa ameiokota kofia yake sakafuni. Aliifuta, akaivaa, akairekebisha. Upara ulipofunikwa, sauti ikamrudia.

"Nashukuru amepona," akasema, na ilionekana anashukuru kweli. "Lakini alimeza. Nililiona koo. Chumbani anakwenda."

"Atalala hapa kwenye kitanda changu," Bartholomeo akasema, akifunga kidole chake mwenyewe. "Siku tatu. Mafuta ya nyonyo nitampa mimi, ndoo nitaikagua mimi, na wewe uje uikague baada yangu. Ukikuta hata kokoto, nifukuzeni na mimi."

Jilala, aliposikia mafuta ya nyonyo, alitoa sauti ndani ya bandeji. Hakuna aliyemsikiliza. Pantaleo akalifikiria jambo hilo pande zote, akakubali. Akageuka kuondoka. Mlangoni akasimama, akarudi, na sasa kweli alikuwa amechanganyikiwa, kama mtu aliyekumbuka nyumbani kuna mlango ameuacha wazi.

"Siku tatu zikiisha anarudi kazini?"

"Anarudi. Mikono yake haina ugonjwa."

"Na mdomo haufunguliwi wiki mbili."

"Haufunguliwi."

"Basi haiwezekani. Sheria ni kila mtu, kila siku, afungue mdomo, ainue ulimi. Mimi nina watoto wanne, Dresa. Nitamkagua vipi mtu anayepita langoni mwangu amefunga mdomo?"

Nje, gari la Bwana lilikuwa likija kutoka ofisini, vioo vimepandishwa, na yule Mnyamwezi alikuwa ameshabana miguu kupiga saluti. Bartholomeo alikaza fundo la kitambaa kwa meno yake, akalitazama gari, kisha akamtazama Pantaleo.

"Kama unavyomkagua huyo."